AnkiDroid kwa Wanaojifunza Kitaliano Malindi: Kadi Nzuri na Kadi Mbovu

Malindi, Kitaliano huokotwa barabarani. Ciao, quanto costa, domani: maneno haya kila kijana wa ufuoni anayo. Waitaliano waliweka kituo chao cha anga za juu cha San Marco huko Ngomeni katika miaka ya 1960, na tangu hapo lugha yao haijaondoka. Tabu huanza pale mtu anapotaka kutoka kwenye maneno hamsini ya kuuzia vinyago hadi yale elfu moja ya kumtembeza mgeni kwenye magofu ya Gede au kumpeleka kwenye matumbawe nusu siku nzima. Daftari hujaa, kichwa hubaki vile vile.

AnkiDroid ni programu ya simu inayoshughulika na jambo moja tu, nalo ni kusahau. Haifundishi sarufi, haina muziki wala nyota za kukupongeza, na sura yake ni kavu. Swali la tathmini hii ni je, mwongoza watalii au mhudumu wa hoteli anayetenga dakika 15 kwa siku atapata Kitaliano kinachokaa kichwani? Atapata, ila kazi kubwa ni yake. Programu hupanga siku za kurudia, lakini ubora wa kadi (swali mbele, jibu nyuma) na ukweli wa majibu hutoka kwa mtumiaji, na hapo ndipo wengi hukwama.

Kwanza gharama. Kwenye simu za Android ni bure, haina matangazo, na ukishaiweka inafanya kazi bila bando. Kadi elfu moja za maandishi matupu ni nyepesi kuliko picha chache za WhatsApp. Toleo la iPhone hulipiwa mara moja, dola 24.99, mwenye iPhone asiyetaka kulipa anaweza kutumia tovuti ya AnkiWeb bure, ila atahitaji mtandao. Angalia jina vizuri wakati wa kupakua, kwa kuwa dukani kuna programu nyingine zenye majina yanayokaribiana. Ya Android inaitwa AnkiDroid, neno moja. Anki yenyewe, programu mama ya AnkiDroid, ilitolewa na Damien Elmes mwaka 2006, na jina lake ni neno la Kijapani lenye maana ya kuhifadhi kwa moyo.

Anayejua chuo cha Kurani hatashangazwa na namna inavyofanya kazi. Chuoni mtoto haambiwi aitazame sura mara ishirini. Hufunga msahafu, akasoma kwa moyo, akikwama hutegewa neno, kisha huendelea. Na zile za zamani hurudiwa kwa murajaa ili zisipotee. Anki ni mambo hayo hayo mawili, kujitoa jibu kichwani bila kutazama na kurudia kwa nafasi, ila kalenda ya murajaa hutunzwa na simu.

Sababu ya kufaulu kwake imepimwa. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi matini mafupi. Kundi moja lilisoma mara mbili, jingine likasoma mara moja kisha likaandika lililokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano waliosoma mara mbili walikuwa mbele, asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki mambo yaligeuka: waliojitahini walibaki na asilimia 56, waliosoma tu asilimia 42. Hii ndiyo sababu kusoma daftari mara nyingi usiku wa kabla ya kazi humpa mtu moyo wa uongo. Jicho likiliona neno lilelile hulizoea, na mazoea hayo ubongo huyahesabu kuwa ni kujua. Lakini mgeni akisimama mbele yako hana daftari mkononi. Utalazimika kulichomoa neno mwenyewe, na kuchomoa ni ustadi unaojengwa kwa kuchomoa.

Kwa hiyo kadi ikitokea, usibonyeze kuona jibu mpaka uwe umelisema kwa sauti. Si kulifikiria nusunusu, ni kulitamka. Ikipita kama sekunde kumi na hakuna kitu, umesahau, fungua.

Ukishafungua utaona vitufe vinne, kutoka kushoto: Tena, Ngumu, Sawa, Rahisi. Kila kimoja huonyesha kadi itarudi baada ya muda gani. Kadi mpya ikijibiwa Sawa hurudi baada ya dakika 10, ukipata tena hurudi kesho, na kwa mpangilio wa kawaida wa zamani nafasi huendelea kupanuka: siku kama 3, kisha wiki, kisha siku 18 hivi, kisha mwezi na nusu. Kosa linaloharibu zaidi kuliko yote ni kubonyeza Ngumu wakati umesahau. Ngumu maana yake umekumbuka, ila kwa shida. Programu huhesabu kuwa umefaulu na kuisukuma kadi mbele, nawe hukuwa nayo. Aliyesahau abonyeze Tena, hata kama neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Ukiona tabu kuchagua, sahau vitufe viwili kati ya vinne, ubaki na Tena na Sawa tu. Utapata karibu faida yote.

Sasa kadi, ambako ndiko kwenye utamu wa jambo hili.

Kwenye AnkiWeb kuna mafungu ya kadi za Kitaliano yaliyotungwa na watu wengine, ya kupakua bure. Yaache. Mengi yametungwa kupitia Kiingereza, na Kiingereza kwa Kitaliano ni mtego. Caldo inasikika kama neno la Kiingereza la baridi, kumbe ni moto. Ukimwahidi mgeni acqua calda saa nane mchana juani, umemwahidi maji ya moto. Baridi ni fredda. Camera ni chumba, si kamera. Kamera ni macchina fotografica. Kadi za maneno haya zitungwe moja kwa moja kutoka Kiswahili, na upande wa nyuma uongeze mstari mfupi wa onyo.

Mbele ya kadi weka Kiswahili, nyuma Kitaliano. Wanaoanza hufanya kinyume kwa sababu ni rahisi, lakini kulitambua neno ukiliona ni kazi ndogo. Mwongoza watalii anahitaji kulitoa. Ukitaka pande zote mbili ipo aina ya kadi inayojigeuza yenyewe, ila mzigo wa marudio nao unaongezeka mara mbili.

Kadi moja, jambo moja. "Taja samaki na wadudu wa baharini" ni kadi mbovu: ukikumbuka saba kati ya kumi utabonyeza nini? Vunja. Na kila jina liandikwe pamoja na kitangulizi chake, kama ambavyo mgeni anayejifunza Kiswahili hufaidika akijua ngeli ya neno tangu siku ya kwanza: il polpo ni pweza, la tartaruga ni kasa, il delfino ni pomboo, l'aragosta ni kamba mawe, lo squalo ni papa. Hiyo lo ya papa hutokana na s kufuatwa na konsonanti, na ukiihifadhi pamoja na neno hutahitaji kuikumbuka kanuni ukiwa kwenye mashua. Chunga pia alama: e bila alama ni "na", è yenye alama ni "ni". Kwenye simu shikilia herufi e mpaka alama zitokee.

Maneno pweke yakishafika kama mia mbili, hamia kwenye sentensi za kazini. Kwa anayepeleka wageni hifadhi ya bahari, "Msiguse matumbawe" ni Non toccate i coralli, sentensi itakayotumika kila siku ya safari. Ipo aina ya kadi inayoficha neno moja ndani ya sentensi. Ficha toccate, uache mengine, na ubongo utalishika neno likiwa na jirani zake.

Saa ni somo la peke yake, na hapa hakuna kadi ya kupakuliwa itakayomfaa Mswahili. Sisi saa nne asubuhi, wao alle dieci. Anayetafsiri namba moja kwa moja atamwambia mgeni alle quattro, na mgeni atafika ufuoni saa kumi jioni, mashua imeshakwenda na kurudi. Tunga kadi kumi na mbili, na kila moja iwe sentensi kamili. Mbele: "Maji yatakuwa yamekupwa saa nne asubuhi." Nyuma: La bassa marea è alle dieci. Saa moja asubuhi ni alle sette, saa saba mchana ni all'una. Usiziingize zote siku moja. Vitu vinavyofanana vikijifunzwa pamoja huvurugana, kila kimoja kikimpora mwenzake jibu. Vivyo hivyo alta marea (maji kujaa) na bassa marea (maji kupwa), destra (kulia) na sinistra (kushoto): ingiza kimoja, subiri wiki hadi kikae, ndipo ulete cha pili.

Tarehe za kuongozea wageni nazo zinafaa sana kwenye kadi, kwa sababu ni fupi na hazina mjadala. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498. Twiga wa Malindi alifikishwa China mwaka 1415. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa 1968. Setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka Ngomeni tarehe 12 Desemba 1970, na hii Waitaliano huifurahia wakiisikia kwa lugha yao.

Sauti isiachwe nyuma. Wakati wa kutunga kadi unaweza kurekodi. Mwombe anayezungumza vizuri akusomee sentensi kumi, uziweke upande wa nyuma.

Mipangilio inayokuja na programu ni kadi mpya 20 kwa siku, na hiyo ni nyingi mno kwa mtu mwenye kazi. Kadi mpya 20 za kila siku huzaa marudio karibu 200 kwa siku baada ya muda. Weka 8. Hapo marudio yatakuwa karibu 80, na kwa sekunde nane hadi kumi kila moja ni dakika 11 hadi 13. Wiki mbili za mwanzo utaona ni kidogo na utashawishika kuongeza. Usiongeze, deni huja wiki ya nne.

Kwenye mipangilio ya fungu ipo pia njia mpya ya kupanga nafasi inayoitwa FSRS. Iwashe. Huuliza unataka ukumbuke kwa kiwango gani, 0.90, yaani asilimia 90, inatosha. Ukipandisha hadi 0.97 marudio huongezeka sana kwa faida ndogo. Ukishakuwa na marudio mia kadhaa, bonyeza kitufe chake cha kurekebisha hesabu, kisha mara moja kwa mwezi. Njia hii hujifunza kutokana na majibu yako, kwa hiyo ule uongo wa kitufe cha Ngumu hapa huharibu maradufu.

Kadi ikikushinda mara nane programu huitia alama, na huweza kuisimamisha yenyewe. Watu huirudisha kwa hasira. Iliyokushinda mara nane kwa kawaida imetungwa vibaya, au inagombana na mwenzake. Ivunje au iandike upya.

Msimu wa wageni ndio huvunja wengi. Desemba kazi inajaa, siku kumi zinapita, ukifungua unakuta marudio mia sita na unaifunga tena. Dawa ni kuweka kadi mpya sifuri, kupunguza marudio yawe 60 kwa siku, na kulilipa deni polepole. Katika mipangilio hiyo hiyo kadi mpya zimefungwa chini ya kikomo cha marudio, yaani marudio yakikijaza hazitokei, kwa hiyo usizirudishe mpaka deni liishe.

Upungufu wake mkubwa ni upotevu wa kazi. Katika matoleo ya sasa ya Android, ukiifuta programu kadi zako hufutika nayo. Fungua akaunti ya AnkiWeb siku ya kwanza na ulandanishe kila wiki, yaani kadi za simu zinakiliwe kwenye akaunti, kwa kubonyeza alama ya mishale. Ukibadilisha simu na ukaulizwa upande upi uchukuliwe, chagua kupakua kutoka AnkiWeb. Ukichagua kupandisha, simu tupu itafuta kazi ya miezi.

Wala isitarajiwe zaidi ya inachotoa. Haiongezi akili kwa jumla. Kampuni ya michezo ya ubongo ya Lumosity ilikubali mwaka 2016 kulipa dola milioni 2 kumaliza madai ya mamlaka ya biashara ya Marekani kuhusu matangazo ya aina hiyo. Ukijizoeza maneno ya Kitaliano utapata maneno ya Kitaliano. Kuzungumza kunataka mtu wa kuzungumza naye. Na usingizi haununuliki: usiku ndipo ubongo huimarisha ya mchana, kwa hiyo kikombe cha kahawa tungu saa tatu usiku ili umalize marudio ni biashara ya hasara. Yafanye mapema, ulale.

Asiye na simu nzuri asijione amekosa. Njia ya mwandishi Sebastian Leitner ya miaka ya 1970 hutumia boksi la viatu lenye vyumba vitano na vipande vya karatasi ya manila. Kadi zote huanzia chumba cha kwanza, hupitiwa kila siku. Ukipata hupanda chumba, ukikosa hurudi cha kwanza hata kama ilifika cha tano. Cha pili pitia kila baada ya siku 2, cha tatu siku 4, cha nne siku 8, cha tano siku 16. Ziwe kadi 300 au pungufu. Zikizidi hapo kupanga kunachosha kuliko kujifunza, na simu ndiyo inayofaa.