Uma wa sauti wa hezi 440 na kisanduku chake: tathmini baada ya miezi mitatu

Seti ninayoitathmini hapa ina uma mbili za sauti za chuma cha pua, yaani vyombo vya meno mawili vinavyotoa sauti ya kidatu kimoja vikigongwa, kila mmoja ukiwa umechongwa namba 440 kwenye shina, visanduku viwili vya mbao vilivyo wazi upande mmoja, nyundo ndogo ya mpira, na kibanio chenye skrubu kinachofungwa kwenye jino la uma. Nimeitumia kwa miezi mitatu, mara nyingi kwa kulinganisha nyuzi za gitaa na mara nyingine kwa kuwaelekeza vijana wawili wanaosoma fizikia. Kwa mtu anayetaka kutambua kwa masikio yake tofauti kati ya kidatu na rangi ya sauti, ile sifa inayotofautisha ala mbili zinazopiga noti ileile, sijapata chombo kinachoifunua waziwazi kuliko hiki, nikizihesabu pia programu za simu zinazochora mawimbi kwenye kioo.

Kidatu, yaani ule ujuu au uchini wa sauti, hutegemea hasa idadi ya mitetemo inayofika sikioni kila sekunde. Uma huu ukigongwa, meno yake mawili huachana na kukaribiana mara 440 kwa sekunde, yaani hezi 440, na kila mara husonga hewa iliyo kando yake kisha kuilegeza, hivyo kwamba katika chumba chenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi, ambamo sauti husafiri kiasi cha mita 343 kwa sekunde, umbali kati ya msongamano mmoja wa hewa na unaofuata ni takriban sentimita 78. Niliugonga kwa nguvu, nikaugonga kwa upole, nikausikiliza hadi ulipokuwa karibu kunyamaza kabisa. Ukubwa wa sauti ulibadilika sana, lakini kidatu kilibaki palepale, na programu ya simu niliyoitumia kuukagua ilionyesha hezi 440 tangu mwanzo hadi mwisho. Katika kazi yake ya msingi, basi, uma huu ni mwaminifu.

Sifa yake kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kile ambacho hauna. Uzi wa tano wa gitaa ukipigwa wazi hautetemi mara 110 kwa sekunde peke yake, bali wakati huohuo hutetema kwa nusu zake mara 220, kwa theluthi zake mara 330, kwa robo zake mara 440, na kuendelea juu zaidi; sikio huvikusanya vyote na kuvisikia kama noti moja. Mitetemo hiyo ya ziada, inayoitwa hamoniki, pamoja na namna sauti inavyoanza na inavyofifia, ndiyo inayotuwezesha kutambua kwamba noti ileile imepigwa na gitaa au imepulizwa na klarineti, ambayo katika sauti zake za chini hutoa kwa nguvu hamoniki za namba witiri kwa sababu mrija wake hutenda kama umefungwa upande wa mdomo. Uma wa sauti, ukigongwa ipasavyo, karibu hauna kitu cha namna hiyo. Kijana mmoja aliposikia mlio wake kwa mara ya kwanza alisema kwamba ni kama sauti isiyotoka kwenye kitu chochote, nami sijasikia maelezo bora zaidi ya kidatu kilichovuliwa rangi yake.

Ipasavyo, nasema, kwa sababu nyundo ina umuhimu kuliko inavyoonekana. Meno ya uma yana mtetemo mwingine wa juu, takriban mara 6.27 ya ule wa msingi, yaani karibu na hezi 2,760 kwa uma huu. Na kwa kuwa uwiano huo si namba kamili, sauti yake haiungani na ile ya msingi bali husikika kando kama mlio wa bati. Ukiugonga uma kwenye ukingo wa meza ngumu mlio huo utausikia dhahiri kwa nukta chache kabla haujafa, ilhali nyundo ya mpira huuacha ukiwa hafifu mno. Inasikitisha kwamba kichwa cha nyundo hii kilichomoka katika wiki ya pili na ikanibidi nikirudishe kwa gundi.

Visanduku ndivyo vilivyonishawishi. Uma ulioshikwa mkononi husikika kwa shida hatua moja tu mbele, kwa sababu meno yake membamba hupenya hewa bila kuisukuma nyingi, na kwa sababu hewa iliyo nje ya meno inaposongamana, ile iliyo katikati yake hulegea, kisha mawimbi hayo mawili hufutana kwa sehemu. Jambo hili unaweza kulithibitisha bila kifaa kingine: uweke uma karibu na sikio, uuzungushe taratibu kwa shina lake, nawe utasikia sauti ikipotea na kurudi mara nne katika mzunguko mmoja. Uma ukichomekwa juu ya kisanduku, shina lake, ambalo hucheza juu na chini kwa kiasi kidogo sana, huutikisa ubao, na hewa iliyo ndani huitikia, kwa kuwa kina cha kisanduku kimepimwa kikaribie robo ya urefu wa wimbi. Robo ya sentimita 78 ni sentimita 19 na nusu. Nilipopima nilipata kiasi cha sentimita 18, na upungufu huo ni sahihi, maana wimbi huchomoza kidogo nje ya mdomo wa kisanduku kabla ya kugeuka.

Kijitabu cha maelezo kinadai kwamba kisanduku huongeza nguvu ya uma, na dai hilo linahitaji kusahihishwa, kwani linaweza kumpotosha mwanafunzi. Kisanduku hakina nishati yoyote ya kutoa. Huichukua ile iliyo ndani ya meno ya uma na kuimwaga hewani kwa haraka zaidi. Ushahidi wake ni kwamba uma nilioushika karibu na sikio niliusikia kwa zaidi ya dakika moja, ilhali uliochomekwa kwenye kisanduku, pamoja na kujaza chumba kizima, ulinyamaza mapema zaidi. Ubao wa gitaa una kazi hiyohiyo, isipokuwa kwamba hauitikii hamoniki zote kwa usawa, na upendeleo huo ni sehemu ya sababu inayofanya gitaa mbili zenye nyuzi za aina moja zisifanane sauti.

Kuwa na uma mbili badala ya mmoja ni jambo la lazima, wala si anasa. Ukivielekeza visanduku midomo kwa midomo, ukagonga uma wa kwanza kisha ukauzima kwa vidole, utausikia wa pili ukiimba peke yake, kwa kuwa umesukumwa na hewa kwa mwendo unaoujua. Funga kibanio kwenye ncha ya jino la mmoja wao, na mwitikio huo unakatika, kwani uzito ulioongezwa umepunguza mitetemo yake. Zipige zote mbili pamoja katika hali hiyo, nawe utasikia sauti moja inayovimba na kunywea. Ikiwa uma wenye kibanio umeshuka hadi hezi 437, mapigo yatakuwa matatu kwa sekunde, sawasawa na tofauti ya namba hizo. Kibanio kinaposogezwa kuelekea shinani mapigo hupungua kasi, na kijana wa pili alitumia jioni nzima kukisogeza milimita kwa milimita huku akihesabu, bila mimi kumwagiza.

Mapigo hayo ndiyo anayoyategemea mlinganishaji wa nyuzi. Kwenye gitaa mimi hugusa uzi wa tano kidogo tu juu ya kizuizi cha tano, yaani kijiti cha tano cha shingo ya gitaa, ambapo ni robo ya urefu wake, ili itoke hamoniki ya nne yenye hezi 440, kisha hukaza au kulegeza uzi hadi mapigo dhidi ya uma yatoweke. Mnunuzi asitarajie, hata hivyo, kuutumia uma huu kupima noti nyingine moja kwa moja. Kwenye kinanda kilicholinganishwa kwa mfumo wa kisasa, unaogawa oktava katika hatua kumi na mbili sawa, noti ya tano juu ya hii, ukihesabu hii kuwa ya kwanza, ina hezi 659.26 badala ya 660 kamili, ambayo ni mara moja na nusu ya 440, na sikio hulitambua pengo hilo kwa kuwa hamoniki za noti hizo mbili hugongana karibu na hezi 1,320. Uma usiokuwa na hamoniki hauna cha kugongana nacho.

Kasoro ninayoiona kuwa nzito ni kwamba mtengenezaji hakuchonga kiwango cha joto ambacho uma ulipimwa, jambo ambalo uma za daraja la juu huwa nalo. Chuma cha pua hulegea kidogo kinapopata joto, hivyo uma huu hushuka kwa kiasi cha hezi 0.05 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kiasi hicho ni kidogo, lakini ala za kupuliza huenda upande wa pili na kwa hatua kubwa zaidi, maana sauti huongeza mwendo kwa karibu mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi. Filimbi iliyopata joto la nyuzi 10 zaidi inaweza kupanda kwa zaidi ya hezi 7 kwenye noti hii. Kwa wanaopiga nyuzi na filimbi pamoja ninashauri uma ukae ndani ya ukumbi kwa muda kabla ya kutumika, filimbi ipulizwe hadi ipate joto lake la kawaida, na ulinganishaji ufanywe baada ya hapo.