Geji ya kompresheni ya elfu 65: uzoefu wangu na IST ya gesi

Geji hii, ya kupima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda za injini, niliinunua mtaa wa Gerezani, Dar. Ni kisanduku chekundu cha plastiki, ndani kuna saa ya mshale inayosoma hadi psi 300 (psi ni kipimo cha mgandamizo), mpira mrefu wa kuunganishia na vichwa vya nyuzi vya saizi mbalimbali. Bei elfu 65 baada ya kuvutana kidogo. Naisimulia kwa sababu wenye Toyota IST za gesi hapa Dar tuko wengi, na gereji nyingi nilizopita kifaa hiki hawana, au wanacho na hawakitoi.

Gari langu lina injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1,497. Likishapata moto, kwenye foleni lilikuwa linatetemeka hadi usukani unacheza, na bomba la moshi linatoa mlio wa kukatikakatika. Ukikanyaga mafuta linatulia, unasahau. Taa ya injini ikawaka, fundi akachomeka mashine, ikatoka P0302: silinda namba mbili inamisi, yaani mafuta hayawaki sawasawa. Kabla hata hajafungua boneti akaniambia, "Bosi, hapo ringi za pistoni zimekufa. Tushushe injini, au twende Ilala tukachukue ya mtumba."

Mashine inakutajia silinda, sababu haikutajii. Koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, ya namba mbili nikaihamishia namba tatu, plagi nikaipeleka namba nne. Kosa likabaki palepale kwenye mbili. Halafu gari la gesi lina unafuu wake katika uchunguzi: petroli ina nozeli zake za kupulizia na gesi ina zake. Nikageuza swichi kwenda petroli, likamisi vilevile. Nozeli za pande zote mbili kuharibika kwenye silinda ileile kwa pamoja ni ajabu, kwa hiyo nikaachana nazo. Nikabaki na shaka moja kubwa, kompresheni, na ndipo nikaenda kununua geji.

Matumizi yake si magumu, ila yanataka utulivu. Injini iwe ya moto, betri iwe na nguvu, plagi zote nne nje, umeme wa koili na mafuta ukatwe, valvu ya mtungi wa gesi ifungwe. Plagi za 1NZ zimekaa ndani kabisa ya mashimo, kwa hiyo zile geji za kubana kwa mkono zenye ncha fupi ya mpira hazifiki. Hii ya kufunga kwa nyuzi, kichwa cha milimita 14, inafika vizuri. Mwenzako anakanyaga mafuta hadi mwisho na kupiga stata mpaka mshale ugome kupanda.

Namba moja ilisoma psi 185, tatu 182, nne 188. Namba mbili: 118.

Nikamimina kijiko cha oili kwenye shimo la namba mbili nikapima tena. Kama ringi ndizo zimechoka, oili inaziba kwa muda na mshale unapanda sana. Ulipanda hadi 121, basi. Upepo ulikuwa unatokea juu, kwenye valvu, na ringi za watu hazikuwa na kosa lolote.

Hapa ndipo gesi inapoingia. CNG, yaani gesi asilia iliyoshindiliwa, ni kavu, haina ule unyevu wa petroli, na viti vya valvu vinalika haraka zaidi. Kiti kikilika, valvu inazama juu kwenye hedi (kichwa cha injini) na mwanya wa tapeti, kikombe kinachosukuma valvu, unapungua, mwisho valvu haifungi sawasawa. 1NZ haina tapeti za kujirekebisha zenyewe kwa oili. Mwanya wa valvu za moshi, injini ikiwa baridi, unatakiwa uwe milimita 0.25 hadi 0.35. Kwenye namba mbili, fila geji (kibati chembamba cha kupimia mwanya) ya 0.10 haikupita kabisa.

Nikatafuta fundi mwingine, mzee mmoja asiye na papara. Akatoa kamshafti, shafti inayosukuma tapeti, akaweka vikombe vya tapeti vyembamba zaidi, akarudisha cheni ya taiming kwenye alama zake. Hedi haikuguswa. Tulipopima tena namba mbili ilitoa 171. Bado iko chini ya wenzake, na nadhani kile kiti kimeshaumia kidogo, lakini mtetemo umeisha na taa haijarudi.

Sasa geji yenyewe. Saa yake inasoma bila kurukaruka, kitufe cha kuachia upepo kinafanya kazi. Oringi, mpira wa kuzuia upepo, ya kichwa cha 14 ni ya hovyo, ilikatika mapema, nikanunua nyingine kwa muuza boliti. Bawaba za kisanduku usizitegemee. Pia usilinganishe namba zangu na zako kama uko Mbeya au Nairobi: huko juu hewa ni nyepesi na silinda nzima kabisa itasoma chini. Angalia tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi asilimia 15 hivi, chimba.

Wenye dizeli hii isiwahusu. Kompresheni ya dizeli kwa kawaida inapita psi 300, na mshale wa hii unaishia hapo. Ulizia ya dizeli palepale dukani, na jiandae kwa bei nyingine.