mdadm na ddrescue: uzoefu wangu wa kuokoa RAID 5 ya nyumbani

Seva yenyewe ni ya kawaida: Debian, diski nne za TB 4 kwenye RAID 5 (safu ya diski inayostahimili kufa kwa diski moja) ya mdadm, programu ya Linux ya kusimamia safu hizo, mfumo wa faili wa ext4 juu yake, nafasi ya kutumia TB 12. Diski moja ilikufa kabisa, kisha SMART, mfumo wa diski wa kujichunguza afya, ikaonyesha kwamba nyingine kati ya tatu zilizobaki ina sekta zisizosomeka. Kazi yote ilifanywa kwa mdadm, smartmontools (ya kusoma SMART) na GNU ddrescue (ya kunakili diski mbovu), programu huria zisizolipiwa hata shilingi. ddrescue naisifu bila kusita. mdadm ni imara, lakini haimlindi mtu asiyejua amri ipi asiiandike.

Amri hiyo ni --create. Kuna maelekezo mengi yanayosema safu iliyogoma "iundwe upya" kwa kuorodhesha diski zilezile. Ukikosea mpangilio wa diski, ukubwa wa chunk (kipande cha data kinachowekwa kwenye kila diski kwa zamu) au mahali data inapoanzia, kinachotoka ni takataka, na pariti (data ya ziada ya kufidia diski iliyopotea) ikianza kuandikwa upya juu ya data yako hakuna cha kurudisha. Kwanza hifadhi hali ilivyo:

mdadm --examine /dev/sd[abd]1 > examine.txt

Linganisha thamani ya Events (hesabu ya mabadiliko ya safu) ya kila diski. Zikiwa sawa au zikipishana kidogo tu, safu inaweza kukusanywa kwa --assemble.

Kabla ya kuilaumu diski, soma smartctl -a. Namba 5, 197 na 198 huzungumzia diski yenyewe: sekta zilizohamishwa, zinazosubiri, na zisizosomeka. Namba 199, makosa ya mawasiliano kupitia kebo, ikipanda huku nyingine zikiwa sifuri, badilisha kebo ya SATA kwanza. Diski nyingi huondolewa kwenye safu kwa sababu ya kebo iliyolegea, na kama safu ina bitmap (kumbukumbu ya sehemu zilizoandikwa), --re-add huirudisha kwa kusawazisha sehemu zilizobadilika tu.

Sasa kiini cha kazi. /proc/mdstat ikionyesha [4/3] [UU_U], yaani diski tatu kati ya nne ndizo zinazofanya kazi, mkono huwasha kuchomeka diski mpya na kuandika --add papo hapo. Kama zilizobaki ni nzima, sawa. Lakini kujenga upya kunadai kila sekta ya diski zote tatu isomeke. Ikipatikana isiyosomeka, hakuna pariti ya kuifidia: ujenzi unaweza kukwama na diski ya pili ikatolewa, au safu ikabaki na vipande vibovu. Kwa hiyo diski dhaifu inanakiliwa kwanza, safu ikiwa imesimamishwa:

mdadm --stop /dev/md0
ddrescue -f -n /dev/sdb /dev/sde sdb.map
ddrescue -f -d -r3 /dev/sdb /dev/sde sdb.map

Mzunguko wa kwanza unachukua kila kinachosomeka bila kung'ang'ana na sehemu mbovu. Wa pili unarudi kuzikwangua, majaribio matatu. Faili ya map ndiyo roho ya programu hii: umeme ukikatika, andika amri ileile nayo inaendelea ilipoishia. Iweke kwenye diski nyingine isiyo ya safu. Hakikisha namba ya serial ya kila diski kupitia /dev/disk/by-id, kwa maana ukigeuza chanzo na lengo umefuta ulichotaka kuokoa. Kwa mwendo wa MB 150 kwa sekunde, TB 4 huchukua kama saa saba na nusu. Diski inayougua huchukua muda mrefu zaidi.

Nakala ikikamilika, chomoa diski ya zamani. Zote mbili zina UUID (kitambulisho) moja, na mdadm inaweza kuchukua ile mbovu. Majina ya sda na sdb yanaweza kuhama baada ya hapo, hivyo yahakiki tena. Kisha:

mdadm --assemble --readonly --run /dev/md0 /dev/sda1 /dev/sde1 /dev/sdd1
mount -o ro,noload /dev/md0 /mnt

Toa faili muhimu kwanza. Ndipo utumie umount, mdadm --readwrite, fsck, na mwisho --add ya diski mpya.

Kasoro kubwa ya mpango huu ni kwamba md, sehemu ya Linux inayoendesha safu hii, haina checksum (alama za kuhakiki) za data. Sekta ambazo ddrescue ilishindwa kuzisoma zinabaki sifuri kwenye diski mpya, na md inaziamini. Isitoshe, sekta moja iliyopotea huweza kuharibu mahali pawili: pake yenyewe, na pale ambapo data ya diski iliyokufa inakokotolewa kutokana nayo. ZFS, mfumo wa faili wenye checksum, katika hali hiyo ingekutajia majina ya faili zilizoharibika kupitia zpool status -v. Kwa safu mpya leo ningechagua raidz2 ya ZFS, inayostahimili kufa kwa diski mbili.

Kuhusu diski ya kununua: epuka SMR, diski ambazo njia za data hupandiana. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya WD Red zilikuwa za aina hiyo. WD40EFAX ni SMR, WD40EFRX ni CMR, yaani njia zake hazipandiani. SMR hushuka kasi vibaya inapoandikwa mfululizo kwa saa nyingi, na kujenga upya ndiko huko.

Jambo jingine linalosahaulika ni muda wa kusubiri. Keneli ya Linux husubiri diski sekunde 30, ilhali diski ya kompyuta ya mezani inaweza kuhangaika na sekta moja zaidi ya hapo, ikaonekana imekufa. Weka smartctl -l scterc,70,70, yaani diski ikate tamaa baada ya sekunde 7, na uirudie kila seva inapowaka kwa sababu haidumu. Diski ikiikataa, andika 180 kwenye /sys/block/sdb/device/timeout. Debian hukagua safu nzima Jumapili ya kwanza ya mwezi. Usiuzime ukaguzi huo, na ujaze MAILADDR (anwani yako ya barua pepe) kwenye mdadm.conf ili taarifa ikufikie wakati bado diski moja tu ndiyo imeanguka.