Serofoi kwa takwimu za kingamwili: inafaa Tanga, ila usiitumie kama ilivyo

Mwenye majibu ya damu kutoka Muheza au Lushoto, anayetaka kujua maambukizi yalienda kwa kasi gani miaka iliyopita, aanze na serofoi. Kifurushi hiki cha R (lugha ya programu za takwimu) kimetengenezwa na kundi la Epiverse-TRACE, hakina malipo, na kinataka safu tano tu: survey_year (mwaka wa utafiti), age_min na age_max (mipaka ya umri), n_sample (waliopimwa) na n_seropositive (waliokutwa na kingamwili). Unaita fit_seromodel, kisha plot_seromodel.

Modeli ya "constant" huchukulia kasi ni ileile miaka yote: sehemu ya waliowahi kuambukizwa ni 1 − e^(−λ × umri), λ ikiwa kasi ya maambukizi kwa mwaka. λ ikiwa 0.02, chanya ni asilimia 18 kwa wenye miaka 10 na 55 kwa wenye 40. Kwa chikungunya, ambayo kingamwili zake hudumu, huo ni mwanzo mzuri. Mlipuko wa ghafla unahitaji "time", modeli inayoruhusu kasi kubadilika mwaka hadi mwaka, pamoja na is_log_foi = TRUE (kasi hukadiriwa kwa logi), la sivyo kilele hulainishwa hadi kikapotea.

Malaria ndiyo inayoponza wengi. Kingamwili za MSP-1, protini ya kimelea cha malaria, hufifia, na kifurushi hakilijui hilo mpaka ukiambie. Tuseme λ ni 0.06 na kasi ya kufifia 0.04 kwa mwaka: chanya hupanda kisha hukwama karibu na asilimia 60, hata kwa wazee. Modeli ya "time" isiyojua kufifia huona wazee hawawazidi vijana, ikahitimisha kwamba zamani maambukizi hayakuwepo na yamekuja juzi. Uongo mtupu, na ni uongo unaoweza kupotosha mipango ya mkoa mzima! Weka is_seroreversion = TRUE na seroreversion_prior (dhana yako ya awali kuhusu kasi ya kufifia), ukijua kwamba utafiti mmoja pekee hautenganishi vizuri kufifia na kupungua kwa maambukizi. Vijiji vya bondeni na vya milima ya Usambara vichambuliwe mbalimbali. Utafiti wa kaskazini mashariki mwa Tanzania uliochapishwa 2005 ulionyesha kasi hushuka kadiri mwinuko unavyoongezeka.

Kasoro kubwa ni kukosa safu ya ubora wa kipimo. Chanya zikiwa asilimia 12, kwa kipimo kinachonasa asilimia 90 ya walioambukizwa na kuwapa chanya ya uongo asilimia 5 ya wasioambukizwa, makadirio sahihi ni (0.12 − 0.05) ÷ 0.85, yaani asilimia 8. Ukipunguza n_seropositive kwa mkono, mipaka ya makadirio hutoka myembamba kupita kiasi; hapo ni bora kuandika modeli yako moja kwa moja kwa Stan, lugha ya kuandikia modeli za takwimu.

Rhat, kipimo cha kama minyororo ya makadirio imekubaliana, ikizidi 1.01, ongeza iter (idadi ya marudio) kabla ya kuusoma mchoro.