Tahadhari Kisumu na majirani: hizi "SSD za terabaiti 4" za bei ya chini ni kadi ya memori ndani ya kasha

Yeyote aliye Kisumu, Ahero, Maseno, Kakamega au Busia na anatafuta diski ya nje ya kompyuta, tafadhali soma hii kabla hujatuma pesa. Kuna muuzaji anayezungusha visanduku vidogo vyeusi vya bati vilivyoandikwa SSD (diski ya chipu, isiyo na kitu kinachozunguka ndani), vingine terabaiti 4, vingine hadi 16, kwa shilingi 2,500 au 3,500 hivi. Anatangaza mitandaoni, wa mjini anakutana nao njiani upande wa Oginga Odinga Street, na wa mbali anawawekea mzigo kwenye matatu wakishalipa. Nambari ya simu hubadilika, jina hubadilika, picha za tangazo ni zile zile. Uwezo ulioandikwa juu ya hizo diski haumo ndani.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Hizi diski zinaletwa mezani kwangu na watu tofauti wasiojuana, na lalamiko ni moja: "Fundi, faili naziona, majina yote yapo, lakini hakuna hata moja inayofunguka." Nimezifungua mbele ya wenyewe. Ndani kuna kibao kidogo cha kielektroniki, kadi ya memori kama ile ya simu imechomekwa hapo, mara nyingi ya gigabaiti 64, imebanwa kwa gundi, na kipande cha chuma cha kuongeza uzito ili mkono wako uamini umeshika kitu. Hiyo ndiyo terabaiti 4 yako, iliyopaswa kuwa gigabaiti 4,000.

Kinachowaponza watu ni kwamba kompyuta yenyewe inaunga mkono huo uongo. Ukichomeka, Windows inakuonyesha terabaiti 4, maana Windows huiuliza diski, "Una nafasi kiasi gani?" na kuandika jibu inalopewa. Hiyo chipu imebadilishwa programu yake ya ndani ili ijibu terabaiti 4. Ukiifomati kwa haraka inakubali. Ukinakili sinema moja inacheza vizuri kabisa, na hivyo ndivyo muuzaji anavyokupimia diski: anakuja na laptopu yake, anachomeka, anakwambia, "Bosi, jionee mwenyewe," anaweka filamu moja, inacheza, unalipa. Hajakudanganya kwa hiyo filamu. Ilitosha kwenye gigabaiti 64.

Shida inaanza zile 64 za kweli zikijaa. Diski haikwambii imejaa. Inaendelea kupokea, mstari wa kunakili unasonga hadi mwisho, kisha inatupa kile ulichoipa, au inarudi mwanzo na kuandika juu ya vitu vyako vya kwanza. Orodha ya majina hukaa sehemu ndogo ya mwanzo wa diski, kwa hiyo mara nyingi huendelea kuonekana na ukubwa wake sahihi. Unaona folda ya harusi, unaona gigabaiti 40, unafunga kompyuta ukiwa na amani. Ndani hakuna harusi.

Kijana mmoja anayerekodi video za mazishi na harusi upande wa Ahero alihamishia kazi zake kwenye diski ya namna hii. Alipoona zote zimekwenda, akafuta kadi za kamera, kwa sababu Jumamosi ilikuwa inakuja na kazi nyingine. Sote tunajua mazishi huku kwetu: watu wanatoka Nairobi, wanatoka Mombasa, wazee wanasema maneno ambayo hawatayasema tena. Familia zilikuwa zimeshalipa malipo ya kwanza. Nilijaribu kila programu ya kurejesha faili niliyo nayo, na nikalazimika kumwambia ukweli: huwezi kurejesha kitu ambacho hakikuwahi kuandikwa. Pesa ya diski ni kidogo. Niliona uso wake, na ndiyo sababu naandika.

Sasa, bei na ukubwa. Diski za kubebeka za aina ya kuzunguka, zile za inchi 2.5, zilisimama kwenye terabaiti 5 kwa miaka mingi, na kampuni ya WD walifika 6 mwaka wa 2024. Kwa SSD za mkononi, Samsung walitoa T5 EVO mwaka wa 2023, na kubwa yao ni terabaiti 8, kwa bei ambayo wengi wetu hatuigusi. Kwa hiyo mtu anayekuuzia terabaiti 16 inayotoshea mfuko wa shati kwa bei ya viatu vya mtumba, usibishane naye wala usimuombe apunguze. Ondoka. Na kabla ya kununua hata ile ndogo, pita maduka mawili matatu yenye mlango na risiti, uliza bei ya terabaiti 1 ya Seagate, WD au Toshiba. Ukijua bei ya kweli ya hapa mjini, hao wa bei ya kutupa watajitenga wenyewe.

Kuna mambo unaweza kuona hapo hapo bila mtambo wowote. Diski ya kuzunguka ikichomekwa inatetemeka kidogo mkononi na ukiiweka sikioni unasikia mzunguko. SSD ya kweli haizunguki, na muuzaji huyu anajificha hapo: "Hii ni SSD, haina sauti." Basi pima kasi. Nakili faili moja kubwa, gigabaiti 5 hivi, kwenye tundu la USB 3 la kompyuta yako mwenyewe. Diski ya kuzunguka iliyo nzima huenda zaidi ya megabaiti 100 kwa sekunde, SSD inapita hapo mbali. Hizi za uongo zinakokota kwenye 10, 20, pengine 30, maana ndani ni USB 2. Pia chungulia mdomo wa kebo: plagi ya kawaida ya USB 3, ile bapa, ina miguso 9 ndani, 4 mbele na 5 nyuma yake. Nyingi za uongo zina plastiki ya buluu na miguso 4 tu. Rangi haigharimu kitu.

Lakini jibu la uhakika ni kuijaza. H2testw ni programu ya bure ya Windows. Inaandika data inayoijua hadi diski ijae, kisha inaisoma yote upya na kulinganisha. Kwa Linux na Mac ipo F3. Uvumilivu unahitajika: terabaiti 2 kwa kasi ya megabaiti 100 ni kama saa tano na nusu za kuandika, na kusoma ni muda kama huo tena. Ikiwa huna usiku mzima, ValiDrive ya Windows inapima sehemu 576 zilizotawanywa diski nzima, na kwa dakika chache unajua kama nafasi hiyo ipo. Hii ya pili unaweza kuifanya mbele ya muuzaji, ukiwa na laptopu yako. Akikataa au akianza kusema ana haraka, umeshapata jibu. H2testw ifanye kwenye diski tupu, na kamwe usifute nakala ya awali kabla kipimo hakijaisha na hujafungua faili zako kadhaa kutoka kwenye diski yenyewe.

Nisiwafanye watu wawashuku wauzaji waaminifu. Terabaiti 1 ikionyesha gigabaiti 931, hujaibiwa. Kiwanda huhesabu kwa 1,000 na Windows kwa 1,024. Gigabaiti 500 inaonyesha 465, terabaiti 2 inaonyesha 1.81. Diski mpya isiyotokea kabisa inaweza kuwa haijapewa herufi au haijafomatiwa. Ingia sehemu ya kusimamia diski ndani ya Windows uangalie. Inayowaka na kuzima mara nyingi inakosa umeme wa kutosha: tundu la USB 2 limepimiwa miliampu 500, la USB 3 miliampu 900, kwa hiyo iondoe kwenye habu (kigawanyio cha USB) na tundu la mbele, ichomeke nyuma ya kompyuta moja kwa moja. Badilisha kebo pia. Mac inasoma diski ya NTFS (iliyofomatiwa kwa mfumo wa Windows) lakini haiandiki juu yake, hiyo si kasoro ya diski. Ila ikigonga tiki, tiki, tiki, ichomoe mara moja. Kila ukiiwasha tena kujaribu bahati unaharibu kilichobaki, na hapo peleka kwa fundi anayejua kazi ya kurejesha data, tena umuulize bei kabla hajafungua.

Ujanja wa pili naujua pia kutoka Nakuru, fundi mwenzangu wa huko ananisimulia yale yale: diski iliyotumika miaka kwenye laptopu au kwenye mashine ya kamera za ulinzi inavalishwa kasha jipya, inafungwa nailoni, inauzwa kama mpya. Uwezo wake ni wa kweli, maisha yake ndiyo yameliwa. Weka CrystalDiskInfo, programu ya kukagua afya ya diski, angalia saa ilizofanya kazi. Mwaka mmoja mfululizo ni saa 8,760. "Mpya" yenye saa 20,000 si mpya. Tazama na idadi ya sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa kwa kuharibika na zinazosubiri kukaguliwa. Nataka kuona sifuri hapo. Saa hizo huweza kurudishwa nyuma na wajanja, kwa hiyo sifuri pekee isikutoshe, kagua skrubu na kingo za kasha. Kununua iliyotumika si kosa, mradi uambiwe na ulipe bei ya iliyotumika.

Ikiwa tayari unayo moja ya hizi za jamaa wetu, acha kuandika chochote ndani yake leo hii. Nakili kwenye kompyuta kila kinachofunguka, kimoja kimoja. Ikiwa ulifuta vitu kwenye simu au kadi ya kamera, usipige picha nyingine kwa hiyo kadi. Huko bado kuna matumaini kuliko kwenye diski.

Kuhusu pesa: kutuma ujumbe wa M-Pesa kwa 456 kuomba irudishwe kunasaidia zaidi iliyokwenda kwa mtu asiye sahihi kwa bahati mbaya, na mwizi huwa ameshatoa. Usiache kwa sababu hiyo. Hifadhi ule ujumbe, una jina lililosajiliwa, na jina hilo si lile analojiita kwenye tangazo. Piga picha ya tangazo kabla halijafutwa, tunza kasha na mazungumzo yenu, peleka nambari yake kwa Safaricom kupitia 333, kisha nenda kituo cha polisi uandikishe na udai nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Sheria ya kuwalinda watumiaji ya 2012 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu ubora wa kitu, na Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1 bila kukulazimu kuwa na wakili.

Mmoja akienda kituoni na 2,500 yake anaambiwa arudi kesho. Walioumizwa na huyu ni wengi, na nimeshawaunganisha watatu wenye ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha jina moja. Kama na wewe ulimlipa, tazama jina kwenye ujumbe wako, kisha niandikie faraghani ili muende pamoja.