4G63 au EJ20: ipi ya kuijenga?

Nazungumzia injini za magari, 4G63 ya Mitsubishi na EJ20 ya Subaru, zile zenye turbo, na kuijenga ni kuiongezea nguvu. Zote ni silinda nne, lita 2, na zote zimeshinda Safari Rally: dereva Mäkinen kwa Mitsubishi mwaka 1996 na 2001, McRae na Burns kwa Subaru mwaka 1997 na 2000.

Tofauti inaanzia kwenye bloku. Ya 4G63 ni ya chuma: nzito, lakini inavumilia presha kubwa ya turbo. EJ20 ni ya aluminiamu, na silinda zake zimelala mbili kila upande, hivyo uzito unakaa chini na gari linashika kona vizuri sana.

Shida ni kuifungua. EJ20 ina silinda hedi mbili, na kubadilisha plagi tu kunakulazimu kupenyeza mkono kati ya injini na bodi. Kwenye 4G63, hedi ni moja na plagi ziko juu, unaziona. Ila angalia mkanda mdogo wa shafti za mizani, zile zinazopunguza mtetemo: ukikatika unaweza kuingia kwenye mkanda wa taiming, ule unaolinganisha mwendo wa valvu na pistoni, na hapo valvu zinagonga pistoni. Wajenzi wengi huziondoa shafti hizo kabisa, wakakubali mtetemo kidogo.

Yoyote utakayochukua, anza na upoozaji, pampu ya petroli na injekta, kisha kompyuta ya injini ipangwe upya. Presha ya turbo iongezwe mwisho.

Kwa nguvu nyingi, mimi nachagua 4G63. EJ20 ningeiacha kwa mwenye Subaru Impreza tayari.