LibreOffice kwenye steshenari za Ngamiani: nyota nne kati ya tano

Kwa steshenari ya Ngamiani, Tanga, inayochapa barua, CV na mitihani ya shule, LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia na kupigia hesabu, inatosha kabisa. Leseni yake ya programu huria, MPL 2.0, inakuruhusu kuiweka kwenye kompyuta kumi, kumnakilia jirani wa Barabara ya 12 kwenye flashi, hata kuibadilisha, bila kulipa na bila kuiba. Microsoft Office iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli ya leseni, ni hatari: mara nyingi kiprogramu cha kuifungulia hutaka kwanza uzime kinga ya virusi, na kwenye mashine hiyohiyo zinapita flashi za wateja wote.

Faili ya kusakinisha ni kama MB 350. Kama mashine bado ina Windows 7, chukua toleo la 25.2, maana kuanzia 25.8 Windows 7 na 8 zimeachwa. Wakati wa kusakinisha usibofye tu mpaka mwisho: chagua njia ya kujichagulia, utie tiki kamusi ya Kiswahili, la sivyo kila neno litapigiwa mstari mwekundu. Ukimaliza, ingia kwenye menyu ya zana, kwenye machaguo ya kufungua na kuhifadhi, uweke docx, aina ya faili ya Word, iwe ya kawaida. Ukiacha odt, aina ya LibreOffice yenyewe, mteja atarudi kulalamika kwamba aliyemtumia ameshindwa kuifungua kwenye simu.

Kinachosumbua zaidi ni fonti. Mstari mmoja ukisogea, nafasi ya sahihi na mhuri wa mwalimu mkuu inaangukia ukurasa wa pili, na karatasi imeshaharibika. Faili yenye Calibri haina tabu, kwa sababu LibreOffice huja na Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule. Cambria nayo ina Caladea, na Times New Roman ina Liberation Serif. Aptos, fonti ya kawaida ya Word za sasa, haijaletewa pacha. Faili ya namna hiyo itazame yote kabla ya kuprinti, au mwambie mteja ailete ikiwa PDF.

Kwenye hesabu, XLOOKUP, fomula ya Excel ya kutafutia data kwenye jedwali, inafanya kazi kuanzia toleo la 24.8, matoleo ya nyuma yake huandika #NAME? kwenye orodha ya alama. Makro za Excel, yaani viprogramu vilivyoandikwa ndani ya faili, ndizo zilizoipunguzia nyota: nyingine zinakubali, nyingine zinagoma. Ofisi ya uhasibu inayozitegemea isihame kabla ya kuzijaribu moja moja.

Tafadhali usiichanganye na Apache OpenOffice. Hiyo inafungua docx lakini haihifadhi docx, na toleo lake la 4.1 ni la 2014. Zote mbili zina asili moja. Kampuni ya Oracle ilipoinunua Sun, iliyokuwa ikimiliki OpenOffice, mwaka 2010, waandishi wengi wa programu hiyo waliingiwa na wasiwasi, wakachukua msimbo na kuanzisha LibreOffice; leseni iliwaruhusu, na mmiliki mpya hakuwa na namna ya kuwazuia. Kisha wakausafisha: maelezo ya Kijerumani yaliyobaki tangu enzi za StarOffice, programu ya Ujerumani iliyozaa OpenOffice, yakatafsiriwa kidogo kidogo kwa miaka, na vipande visivyotumika vikaondolewa. Programu ya kampuni moja ikiuzwa au ikipandishwa bei, mwenye steshenari hana pa kukimbilia. Faili za wateja zimefungwa humo. Hapa waandishi walihama, na faili zikaendelea kufunguka.